Walimwita Lazarus Jasiri

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimekubali kuliwa na funza nikiwa hai. Naandika bila kupamba kwa sababu siku nzima nimesikia watu wakipamba. Daktari Kibe, kijana anayeongoza utafiti pale kliniki ya Hurlingham, anawaita mabuu, wasikike kama somo la sayansi. Anasema wanafugwa katika chumba safi, na kazi yao ni kula nyama iliyooza tu, iliyo hai hawaigusi. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote; namjua mtu anayeviringisha kidonge kwenye sukari. Lakini mguu wangu wa kushoto una donda chini ya kidole gumba tangu mwaka juzi. Ugonjwa wa kisukari hauliachi lipone, na hospitali kubwa wameniambia wazi: likipanda, tunakata. Basi nikatia sahihi.

Kilichonichefua zaidi hata si funza, ni makofi. Sisi wapya tulipokubali, Daktari alituketisha kwenye viti vya plastiki akasema, "Nyinyi ni watu jasiri sana. Bila nyinyi sayansi haiendi mbele." Wafanyakazi wake wakatupigia makofi kama watoto waliomeza dawa ya minyoo.

Mwenye boda boda alinishusha barabarani, akasema mlima wetu wa Mutuini haupandiki mvua ikianza. Nikapanda kwa fimbo, matope yakiingia hadi kwenye bandeji.

Alhamisi, 12 Machi

Nimewaona. Ni wadogo kuliko punje ya mchele, weupe, wanajinyonganyonga ndani ya chupa. Nesi Stacy, msichana mpole anayeniita Shosh kama bibi yake, alinisihi, "Shosh, usiangalie." Nikaangalia. Aliwamwaga juu ya donda, akafunika kwa kitambaa cha wavu, akabandika plasta pande zote. Kwanza sikusikia kitu. Kisha mtekenyo. Kisha nikaelewa kwamba mtekenyo ule ni vinywa. Mate ya moto yalinijaa mdomoni. Nikajisomea ngeli za Kiswahili kimoyomoyo mpaka kichefuchefu kikashuka.

Kitanda cha pili alikuwa Lazarus Wesonga, fundi cherehani wa Ngara, Mbukusu mrefu mwenye sauti nzito. Naye ana donda la kisukari, juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Hakutikisika hata kidogo. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nilipashwa tohara alfajiri, nimepakwa matope, watu wote wananiangalia usoni, na sikupepesa jicho. Hawa watoto ndio wataniogopesha?"

Wa tatu ni Ndunge, mama Mkamba anayeuza nyuzi na vifungo jirani na cherehani ya Lazarus. Yeye ndiye aliyesikia habari za utafiti akamvuta jirani yake waje pamoja. Alipoiona chupa alipiga ukemi. "Asi! Mimi si maiti!" Akafunga leso yake mguuni, akatoka akichechemea mpaka langoni, akituporomoshea matusi ya Kikamba. Daktari Kibe akatabasamu: "Si kila mtu ameumbwa na roho ya simba." Tukacheka sote. Niliona aibu kwa niaba yake. Mwanamke mzima!

Jumapili, 15 Machi

Gerishon, mume wangu, amehamia chumba cha Waringa, binti yetu aliyeolewa Nakuru. Ati ana kikohozi, hataki kuniamsha. Kikohozi gani? Ni harufu. Hata mimi ningehama kama ningeweza kuuacha mguu kitandani.

Kanisani alisimama akaomba kwa ajili ya "mke wangu aliye katika majaribu." Tukirudi nikamwambia, si majaribu, Baba Waringa, ni majaribio. Akasema ni kitu kimoja.

Jumatatu, 16 Machi

Waliotoka si walioingia. Wamenona kama maharagwe, kwa nyama yangu. Stacy aliwasomba kwa maji ya chumvi, mmoja akaanguka sakafuni akawa anatambaa kuelekea kiatu changu kana kwamba ananijua. Nilitapika ndani ya beseni.

Lakini donda! Chini yao lilikuwa jekundu na safi kama ulimi wa mtoto. Sijaliona hivyo tangu lianze.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Funza wapya. Wanatembea.

Jumanne, 24 Machi

Walimletea Lazarus shati jipya la bluu, wakamkalisha mbele ya kamera. Kuna wafadhili watakaokuja mwezi ujao kutoka ng'ambo, na Daktari anataka wamkute tayari wanamjua. Kijana wa kamera alimfanya asimulie habari ya tohara mara kwa mara, kila mara akimwambia, "Tena baba, lakini sasa tabasamu mwishoni." Lazarus hakuchoka. Nadhani ni muda mrefu tangu mtu amwombe aeleze jambo lolote isipokuwa bei ya kupunguza suruali.

Kuanzia leo wanamwita Lazarus Jasiri. Mgonjwa akilalamika, Daktari humwambia, "Mfikirie Lazarus." Neno lenyewe limeanza kuninuka. Darasani nililitumia kwa watoto waliokuwa karibu kulia, na nililitumia ili wasilie, nisisumbuke.

Alhamisi, 2 Aprili

Donda linafunga. Naandika kwa hofu, nisije nikalishtua. Kingo zake zimesogea, usaha umekauka. Funza sasa nawavumilia kama wapangaji wasumbufu: sitaki kuwaona, lakini wakikosa kuja nitaumia mimi.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Choo cha wapangaji wetu kimefurika kwa mvua. Yaliyomo yote yameteremka hadi kwenye majani ya nepia ya ng'ombe. Gerishon amepiga simu huku na huku kutafuta watu wa kusafisha, lakini yeye mwenyewe hajatoka nje. Amejifungia na Biblia na dirisha limefungwa.

Alhamisi, 9 Aprili

Lazarus leo hakutania. Alikuja na koti zito ingawa jua lilikuwa limechomoza, akakaa kitandani akitetemeka meno.

"Una homa," nilimwambia.

"Ni baridi tu, Mwalimu. Lakini hii kitu inavuta mpaka juu. Nimefanya mtoki hapa kwa kinena."

Stacy alipomfungua, ngozi juu ya bandeji ilikuwa imevimba na kung'aa, nyekundu mpaka karibu na goti. Akamwita Daktari. Kibe aliitazama akiwa amesimama, simu mkononi.

"Ni mwili unapigana," alisema. "Hii tunaitarajia."

"Nilikuwa nataka niende hospitali wanipe sindano," Lazarus akasema.

"Ukienda huko watakupa dawa zao, na papo hapo unatoka kwa utafiti. Wageni wako karibu kufika. Niwaambie nini, Lazarus Jasiri amekimbia?" Akamgonga bega kidogo, kirafiki. "Wewe si ndiye simba wetu? Vumilia."

Niliuona uso wa Lazarus ukijikaza. Ndio uso aliouonyesha kwenye kamera. "Sawa, Daktari. Nitavumilia."

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Ng'ombe anahara. Sikwenda popote.

Alhamisi, 16 Aprili

Chumbani mwetu sote tunanuka, hilo tumelizoea. Lakini harufu ya Lazarus leo ilikuwa nyingine, tamu ya kuchukiza, kama panya aliyefia darini. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni alijifunika pua kwa fulana. Lazarus akaona, akaangalia ukuta.

Nilimvuta Stacy kando. "Huyu mtu anaoza na mnamwangalia."

"Shosh, nimemwambia Daktari. Anajua." Alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Basi nikamfuata Daktari mwenyewe kwenye korido. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, donda lako linaendeleaje?"

"Vizuri."

"Basi tushukuru kwa hilo. Tusianze maneno ya kufanya watu wafunge mlango wa utafiti huu."

Nikanyamaza. Nilinyamaza upesi mno. Nilirudi kitandani kwangu nikanyoosha mguu, Stacy akanifungulia, nami nikalitazama donda langu dogo jekundu kama mtu anayetazama mali yake. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoanza kujisikia kinyaa. Nilinawa mikono nilipofika, nikanawa tena. Donda lenyewe sijawahi kulionea kinyaa cha namna hiyo.

Jumanne, 21 Aprili

Wageni wamekuja. Nitaandika yote, maana naona itafika siku ambayo watu watasema hayakutokea.

Kliniki ilikuwa imepuliziwa manukato ya limau mpaka macho yakawasha. Sisi wagonjwa tulipangwa kwenye viti, walio na madonda mazuri mbele. Mimi nilikuwa mbele. Lazarus aliletwa akiwa amevaa lile shati la bluu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Mguu walikuwa wameufunika kwa shuka nyeupe.

Wageni walikuwa watu wa adabu. Mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, aliinama akamuuliza kupitia kwa Daktari kama anasikia maumivu. Daktari akatafsiri. Lazarus akajibu kwa Kiswahili, sauti ikikwaruza, "Mwambie mimi siogopi."

Daktari akawatafsiria. Wakapiga makofi. Mama yule alishika kifua chake, machozi yakimlengalenga. Nami nilipiga makofi. Mikono yangu ilifanya yenyewe, kama mikono ya mtu kanisani.

Kisha Lazarus akajaribu kusimama ili wapigwe picha. Alisimama. Alitabasamu, mwishoni, kama alivyofundishwa. Picha ilipokwisha akageuka kando akatapikia yale maua ya plastiki, akaenda chini na kiti chake.

Wageni waliondolewa haraka kupelekwa kunywa chai. Lazarus akalazwa chumba cha nyuma, mlango ukafungwa. "Ni uchovu tu," Kibe alituambia. "Msisimko." Hakukiachia kitasa cha mlango ule. Basi alijua.

Hapo ndipo tuliposikia kelele langoni. Alikuwa Ndunge. Bawabu alikuwa amemshika leso, naye akaivua akamwachia bawabu mkononi, akaingia na gauni lake la sokoni, akiburuta mguu wake mbovu.

"Lazarus ako wapi?"

"Mama, hapa ni mahali pa wagonjwa," Kibe akasema.

"Mimi ni nini, mgeni? Huyo mtu jana ameshona mkono wa koti kwa mfuko. Mkono wa koti, kwa mfuko! Lazarus! Fundi ambaye hajawahi kukosea! Nikajua kichwa yake imeenda. Mke wake ananipigia simu analia. Fungua mlango."

"Yeye mwenyewe amekubali kubaki. Ni mtu mzima. Ni mtu jasiri."

"Jasiri kitu gani? Ananuka! Wewe hunusi? Umesoma mpaka pua ikafunga?"

Akasukuma mlango. Kibe akamzuia kwa mkono. Ndunge ni mfupi, alimfika kifuani, lakini alipaza ukemi kama ule wa siku ya kwanza, ukemi uleule tuliomchekea, mpaka wageni wakatoka na vikombe vyao kuja kuona. Kibe akaushusha mkono.

Waliomsaidia Ndunge kumbeba Lazarus hadi kwenye teksi ni bawabu na Stacy. Mimi nilishika fimbo yangu. Nilipopita karibu naye alinitazama, sijui kama alinijua. Akaniambia, "Mwalimu, usiwaambie nimetapika."

Alhamisi, 23 Aprili

Ndunge amenipigia simu. Wamekata mguu wa Lazarus, juu ya goti. Daktari wa hospitali alisema sumu ilikuwa imeingia kwenye damu, na kwamba wangechelewa kidogo tu, wangezungumza na mjane.

Sikula.

Jumatatu, 27 Aprili

Kibe alituita akatupa habari. Kwa masikitiko, alisema, mwenzetu Lazarus alijitoa kwenye utafiti kwa hiari yake, baada ya kukosa kufuata maagizo. Aliilowesha bandeji kwenye mvua, maskini. Na tujifunze kutokana na hilo.

Alisema hivyo huku akinitazama machoni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, kucha zake ni safi, anapendeza. Funza wakati huo walikuwa kwenye mguu wangu wanakula, na nilijikuta nawaza kwamba hawa angalau hawajawahi kuniambia uongo.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua ya mawe. Imevunja kabichi zote.

Jumatano, 6 Mei

Kamati ya maadili ya utafiti imepata malalamiko. Peres, mke wa Lazarus, aliyapeleka, Ndunge akiwa ndiye mdomo wake. Sote tumeitwa kueleza tuliyoyaona, kila mmoja peke yake.

Kibe hakututisha. Alitununulia chai na sambusa. Akasema wazi kwamba hiki kitu kikifungwa, funza hawapatikani mahali pengine popote nchini, na madonda yetu yamebakisha kidogo tu kufunga. "Fikirieni familia zenu. Lazarus tumeshampoteza kama mwenzetu. Je, kumkata mguu mtu mwingine kutamrudishia wake?" Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akasema amina. Wote wakaitikia amina.

Na ubaya wake ni kwamba hakudanganya. Donda langu sasa ni kama sarafu.

Jumamosi, 9 Mei

Nilimweleza Gerishon. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, hapo ndipo anaposimama siku hizi, mguu mmoja ndani.

"Wewe unapona, Mama Waringa. Ni Mungu. Sasa unataka kumwambia Mungu nini?"

"Nataka kusema nilichoona."

"Huyo fundi si mtu wetu. Ana watu wake. Waache wamsemee."

Kwa miaka yote ya ndoa yetu nimemwona mume wangu mtu wa amani. Leo nilimwona mtu ambaye hajawahi kutoka nje choo kikifurika. Nilimwambia aende akakohoe.

Kisha nikaenda Ngara. Ndunge alikuwa kwenye kibanda chake katikati ya makopo ya vifungo, mguu umefungwa kwa kitambaa cha khanga, na kando yake cherehani ya Lazarus imefunikwa kwa gunia la nailoni. Alinitolea stuli. Hakunikaribisha kwa maneno.

"Siku ile ulikimbia," nilianza, "tulikucheka."

"Niliwasikia."

"Uliogopa funza?"

"Niliogopa kila kitu. Hizo wadudu, huyo kijana, hiyo makofi mnapigiwa. Ukiogopa unatoka, si ndiyo? Mbuzi anajua hiyo." Akahesabu vifungo vya mteja, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. "Lazarus nilimwambia kila asubuhi, twende hospitali. Ananiambia mwanaume hatoki nusu. Nikamwambia basi utatoka nusu kweli."

Alianza kucheka, kisha uso ukamkunjika. Alijifuta kwa pindo la khanga akaniuliza, kama anayeuliza bei, "Wewe utasema ama utanyamaza?"

Nilimwambia sijui. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Jumatano, 13 Mei

Ofisi za kamati ziko katikati ya jiji, ghorofa za juu, na lifti ilikuwa mbovu. Ndunge alikuja kunisindikiza ingawa yeye ameshatoa maelezo yake. Tulipanda ngazi mabibi wawili wenye miguu miwili mizima kati yetu, yeye akinisukuma mgongoni kwa kichwa.

Kwenye benchi ya nje tulimkuta Stacy, amevaa sare, analia. Machozi yake yalinikera. Nilikaa mbali naye.

Ndani walikuwa watu watano hivi na jagi la maji. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, aliniambia nisiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimejiandaa kama kwa somo. Nilipofungua mdomo, maneno yalipotea. Nilimwona Kibe, ingawa hakuwamo. Niliona mguu wangu mezani kama nyama buchani.

"Mwalimu Virginia, chukua muda wako," mwenyekiti akasema.

Nikaanza na harufu, kwa sababu ndiyo niliyoikumbuka kwanza. Panya aliyefia darini. Kisha mtoki. Kisha "wewe ni simba wetu." Kisha wageni, na shuka, na tabasamu. Nilisema kwamba alitaka kwenda hospitali akazuiwa, na aliyemzuia ni nani, na alitumia maneno gani. Nilisema bandeji yake haikuwa imelowa.

"Funza ndio waliomdhuru, kwa maoni yako?"

"Hapana. Mimi funza wameniponya. Aliyeumia aliambiwa avumilie."

Mzee mmoja upande wa kulia akainua kalamu. "Hayo uliyaona Aprili. Mbona hukusema wakati ule?"

Nilikuwa na majibu kadhaa mazuri. Yote yalinichefua.

"Donda langu lilikuwa linafunga," nilisema.

Kisha wote wakaandika.

Nilipotoka, Stacy alisimama akapangusa uso, akaingia. Ndunge anasema alikaa ndani muda mrefu kuliko mimi.

Jumatano, 20 Mei

Utafiti umesimamishwa. Kibe ameondolewa mpaka uchunguzi ukamilike. Stacy, nasikia, naye hana kazi.

Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni alinipigia simu. Zamani alikuwa akiniita Mwalimu. Leo aliniita mchawi. "Umetuulia dawa. Mguu yangu ikikatwa nitakuletea kwa mlango." Kisha akalia, mtu mzima, nami nikabaki na simu sikioni kwa sababu kukata kungekuwa kumwacha peke yake.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua imepungua. Harufu imerudi.

Jumanne, 2 Juni

Donda limefunguka. Usaha tena, na weusi kwenye ncha ya kidole gumba. Nesi wa zahanati anakuja mara moja kwa wiki, siku nyingine nijisafishe mwenyewe, na mgongo wangu haukunjiki mpaka kule.

Asubuhi nilikuwa nimekaa na beseni nikishindwa, Gerishon akatokea mlangoni. Nilingoja neno la Mungu. Aliingia. Alipiga magoti kwenye saruji akaanza kufungua bandeji, vidole vyake vikubwa vikikosea mafundo. Safu ya mwisho ilipobanduka akasema, "Ngai wakwa, Mungu wangu," akatoka mbio. Nilimsikia akitapika kwenye nepia. Nikajua ndio mwisho wake.

Akarudi. Amenawa uso, ndevu zinachuruzika. Akapiga magoti tena, akaosha. Akatoka tena akatapika, akarudi. Alipomaliza kufunga, bandeji ilikuwa imeviringwa kama mzigo wa kabichi, na sote wawili tulikuwa tumelowa jasho. Hakusema neno lolote kuhusu majaribu.

Ijumaa, 12 Juni

Wamenikata kidole gumba. Kimoja tu, kwa kuwa nilikwenda siku ileile homa ilipoanza. Daktari msichana aliniuliza kama nitaweza kuwa jasiri, nikamwambia hapana, aongeze dawa ya ganzi.

Jumamosi, 27 Juni

Gerishon amenipeleka Ngara kumwona Lazarus. Anakaa na Peres katika chumba cha chini, nyuma ya maduka ya jumla. Ni mara ya kwanza namwona tangu siku ya wageni. Amekonda. Suruali yake amejishonea mwenyewe, mguu wa kulia umekunjwa na kushonwa kwa mshono ulionyooka kabisa.

Kamati imeamua, nilimwambia. Utafiti utaanza upya chini ya mtu mwingine, na atakayepata homa atapelekwa hospitali siku hiyohiyo bila kuulizwa. Kibe hatarudi. Lazarus alinisikiliza kama anayesikiliza habari za hali ya hewa ya mji mwingine.

"Ndunge ameniambia mlivyoitwa huko," alisema. "Walikuuliza vibaya?"

"Waliniuliza nilichostahili kuulizwa."

"Uliogopa?"

"Niliogopa mpaka nikapoteza Kiswahili."

Alitikisa kichwa taratibu. Peres alikuwa anamimina chai, akaacha.

"Mimi sikuogopa," Lazarus akasema. "Siku zile zote, hata mara moja. Hata usiku nikisikia hiyo harufu, sikuogopa. Ningeogopa kidogo tu, Mwalimu. Kidogo tu."

Gerishon, aliyekuwa amekaa karibu naye, alimshika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka Lazarus yakidondoka kwenye shati, mbele ya mkewe, mbele yetu wageni, na hakugeuza uso wala hakuyafuta.